Yanampumulia nani?

Mkalimani wa hospitali hana lake la kusema. Daktari akisema, unasema. Mgonjwa akijibu, unamjibia kwa sauti yake. Ukiulizwa jambo, hata kama unalijua, unalipeleka kwa mwenye jibu na kurudi na atakachokupa. Nimefanya kazi hii kwa miaka na nilidhani nimeshazoea kuwa mlango tu, watu wanapita na mimi nabaki nilipo. Mpaka usiku mmoja mama mmoja alipogeuza uso kutoka kwa daktari akanitazama mimi.

Kijana wake alikuwa na ugonjwa unaofanya mapafu yawe makovu matupu. Mapafu ya namna hiyo hayatanuki, yamekakamaa kama ngozi iliyoachwa juani. Kijana alikuwa anaongea maneno matatu, anapumzika, maneno matatu mengine. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandikizwa. Usiku huo daktari wa upasuaji alikuja kueleza kwamba mapafu yamepatikana, ila hayajafikia kiwango cha kuwekwa moja kwa moja. Wangeyaweka kwanza kwenye mashine, nje ya mwili wa mtu yeyote, yapashwe joto, yapitishiwe umajimaji, yapumue kwa saa kadhaa, ndipo waamue.

Nikatafsiri. Mama akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mwanangu, hayo mapafu yakiwa yanapumua humo mashineni, yanampumulia nani?"

Nililipeleka swali kwa daktari. Alianza kutabasamu, kisha akaacha. Alisema: "Bado hayampumulii mtu. Yanapumua ili sisi tuyatazame."

(Nimeandika haya kwa ruhusa yao, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili wasijulikane.)

Ile ilikuwa mara yao ya pili kuitwa. Mara ya kwanza, miezi mitatu nyuma, nilikuwepo pia. Simu usiku, kukimbizwa hospitali, kijana kuambiwa asile wala asinywe, kunyolewa kifua, kuvishwa gauni la upasuaji, kulazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Kisha, alfajiri, daktari mwingine akaingia na uso ambao mkalimani huusoma kabla ya maneno. Mapafu yamekataliwa. Rudini nyumbani.

"Yana nini?" mama akauliza.

"Oksijeni haikufika kiwango."

"Kwa hiyo yameharibika?"

Daktari akasita. "Si lazima. Hatuna uhakika nayo."

Nilitafsiri "hatuna uhakika nayo" nikahisi kama nimemkabidhi mtu gunia tupu. Mgonjwa anaweza kufa kwa sababu mapafu ni mabovu, hilo linaeleweka. Lakini kumrudisha nyumbani kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kujua kama ni mabovu? Ndicho kilichonifanya nianze kusoma, usiku baada ya usiku, mambo ambayo kazi yangu hainiruhusu kuyasema mbele ya mgonjwa. Hapa hakuna mgonjwa, kwa hiyo nitayasema.

Kati ya viungo vinavyotolewa kwa marehemu, mapafu ndiyo yanayokataliwa kuliko karibu vyote. Wachangiaji kumi wakitoa figo na maini, mara nyingi ni wawili tu kati yao ambao mapafu yao yatatumika. Sababu zinajieleza ukifikiri pafu ni kitu gani. Ini na figo zimefungiwa ndani. Pafu liko wazi kwa dunia, kila kinachopita puani kinafika mlangoni kwake. Mtu aliyekufa ubongo mara nyingi amekwishatapika na matapishi kuingia kwenye njia ya hewa. Amelazwa siku kadhaa na bomba kooni, na bomba ni ngazi ya bakteria. Ubongo unapokufa humwaga homoni zinazopandisha presha ghafla, na presha hiyo husukuma maji kutoka kwenye mishipa hadi kwenye vifuko vya hewa. Halafu wauguzi humwongezea maji ya dripu ili kulinda figo, na figo zikifurahi mapafu huzama.

Kupima nako kulikuwa kwa kubahatisha kidogo. Mchangiaji hupewa oksijeni tupu, damu ya ateri huchukuliwa, na shinikizo la oksijeni ndani yake likiwa chini ya milimita 300 za zebaki watu huanza kukunja nyuso. Wanatazama picha ya eksirei. Wanapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya hewa. Kisha daktari wa upasuaji anafungua kifua, anayapapasa mapafu kwa vidole kutafuta uvimbe na sehemu ngumu, anachomoa bomba kidogo na kutazama yanavyonywea. Pafu zuri hunywea haraka, kama puto lililofunguliwa. Lenye maji hubaki limejaa. Baada ya hapo anapiga simu, na uamuzi hutolewa ndani ya dakika chache, pengine saa tisa usiku, pengine na mtu aliye mji mwingine ambaye hajayaona. Mwenye mashaka husema hapana. Ningekuwa yeye ningesema hapana pia, maana kumwekea mtu mapafu mabovu ni kumwua mezani.

Baada ya uamuzi, saa inaanza kukimbia.

Upandikizaji wa kwanza wa pafu kwa binadamu ulifanywa na James Hardy mwaka 1963, huko Jackson, Mississippi. Mgonjwa aliishi siku 18. Kwa miaka ishirini iliyofuata karibu kila aliyejaribiwa alikufa mapema, mara nyingi kwa sababu mahali pa kuungia njia ya hewa palikataa kupona, au mwili uliligomea pafu geni. Mwaka 1983 timu ya Joel Cooper huko Toronto ikapata mgonjwa aliyeishi miaka zaidi ya sita kwa pafu moja, na wakati huo dawa ya siklosporini ilikuwa imeshaingia kutuliza kinga ya mwili. Tangu hapo swali kubwa likahamia kwingine: namna ya kulifikisha pafu salama.

Jibu lilikuwa barafu. Na hapa ndipo niliposahau kulala, kwa sababu nilidhani barafu ni barafu tu.

Kwanza huwezi kuliweka pafu kwenye barafu na damu yake ndani. Damu itaganda. Kwa hiyo kabla ya kulitoa hupitishwa maji baridi ya dawa kwenye ateri ya mapafu, lita tatu au nne kwa mtu mzima, mpaka pafu linageuka jeupe. Yakishatoka, mapafu huoshwa tena kinyumenyume, kutoka upande wa vena, na mara nyingi ndipo hutoka mabonge madogo ya damu ambayo hakuna aliyejua yamo. Maji yenyewe yana historia. Mwanzoni walitumia maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya figo, yenye potasiamu nyingi, kwa hoja kwamba ndani ya seli mna potasiamu nyingi, basi seli itajiona iko nyumbani. Figo zilikubali. Mishipa ya pafu ikakunjamana kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, na maji yasingeweza kufika kila kona. Watafiti wa Japani, na baadaye wa Toronto, wakapunguza potasiamu na kuongeza dekstrani, aina ya sukari yenye molekuli kubwa inayozuia maji kuvuja kwenye mishipa na seli nyekundu kushikamana. Maji ya aina hiyo ndiyo yaliyoenea duniani.

La pili lilinipendeza zaidi. Figo husafiri na njaa. Moyo vilevile. Pafu husafiri na akiba: kabla ya kulifunga, hujazwa hewa yenye oksijeni nusu kwa nusu, na seli zake huila taratibu njia nzima. Hakuna kiungo kingine kinachoweza kubeba chakula chake namna hiyo. Ila lisijazwe sana, kwa sababu likipanda ndege hewa hutanuka angani na vifuko vinaweza kupasuka. Mtu fulani, mahali fulani, alilazimika kulifikiria hilo.

Kisha mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na sanduku la barafu. Nyuzi 4 hivi. Katika baridi hiyo kazi za seli hushuka hadi kiasi cha moja ya kumi, pengine chini yake. Lakini hazisimami. Pampu zinazotoa chumvi nje ya seli huzimia, chumvi huingia, maji huifuata, seli huvimba. Taka hujikusanya. Damu ya moto ya mpokeaji inaporudi ghafla, zile taka hushika oksijeni na kuwa sumu, na pafu ambalo lilikuwa linaonekana safi linajaa maji ndani ya saa chache. Ndiyo maana kwa miaka mingi kanuni ilikuwa saa sita hadi nane, basi. Baridi huchelewesha kifo cha pafu, haikizuii.

Kwa nini nyuzi 4? Nilitafuta sababu ya kibaolojia, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kuwa sababu kubwa ni sanduku. Barafu ni rahisi, ipo kila mahali, na ukiweka kitu katikati ya barafu kitakuwa na ubaridi wa barafu. Majaribio ya wanyama ya mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikwishaonyesha kwamba pafu linapenda nyuzi 10 kuliko 4. Matokeo yakachapishwa na watu wakaendelea na barafu yao. Mwaka 2021 timu ya Toronto ikalirudia swali na kuonyesha kwamba kwenye nyuzi 10 mitokondria, yale majiko ya seli, hubaki na afya kwa muda mrefu zaidi. Wakaanza kuitumia kwa wagonjwa. Pafu lililotolewa jioni likaweza kulala kwenye friji maalumu mpaka asubuhi, na madaktari nao wakalala. Nimewahi kutafsiri maneno ya daktari aliyekuwa macho saa thelathini. Habari hiyo haikunifurahisha kwa ajili ya mapafu peke yake.

Lakini baridi, iwe ya 4 au ya 10, ina dosari moja isiyotibika: pafu lililolala halijibu maswali. Huwezi kujua kama linafanya kazi kwa sababu umeliambia lisifanye kazi. Ukiwa na mashaka kabla ya kuliweka kwenye sanduku, utakuwa nayo ukilifungua. Ndiyo maana Stig Steen, daktari wa upasuaji wa Lund, Sweden, alitaka kufanya kinyume cha kila mtu: kulipasha moto.

Mwaka 2000 Steen na wenzake walichukua pafu la mtu aliyekufa kwa moyo kusimama, jambo ambalo wengi waliliogopa kwa kuwa hakuna aliyejua limekaa bila damu kwa madhara kiasi gani. Waliliwasha nje ya mwili, wakaliona linapitisha oksijeni vizuri, wakalipandikiza. Mwaka 2005 wakaenda mbali zaidi: mapafu yaliyokuwa yamekataliwa, yakawekwa mashineni, yakaboreka, yakapandikizwa. Kisha timu ya Shaf Keshavjee na Marcelo Cypel huko Toronto ikabuni utaratibu wa upole zaidi ambao uliweza kuendelea kwa saa nyingi bila mashine yenyewe kuyaharibu mapafu.

Nimeuona kwenye video mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Mapafu mawili yamelala chini ya kuba la plastiki angavu. Bomba moja kwenye koo la hewa, jingine kwenye ateri, jingine linapokea kinachorudi. Hakuna damu katika utaratibu wa Toronto; ni umajimaji wenye albumini, protini ya damu, na dekstrani, unaosukumwa taratibu, asilimia 40 tu ya kiasi ambacho moyo ungesukuma. Joto hupandishwa kidogokidogo. Likifika nyuzi 32, mashine ya kupumulia huwashwa, na mapafu yanapanda. Yanashuka. Pumzi 7 kwa dakika, polepole kuliko mtu aliyelala. Umajimaji unaoingia umeondolewa oksijeni kwa makusudi, ili mapafu yairudishe yenyewe na watu wapime yameirudisha kiasi gani. Kila saa wanapima: oksijeni, ugumu wa mapafu, shinikizo kwenye mishipa. Wanapiga eksirei. Wanachungulia kwa kamera. Kwa kawaida saa nne zinatosha kuona yanaelekea wapi.

Na wakati wanayatazama, yanapata nafuu. Albumini na dekstrani huvuta maji kutoka kwenye vifuko na kuyarudisha kwenye mishipa. Sehemu zilizokuwa zimenywea hufunguliwa kwa pumzi. Uchafu hufyonzwa. Antibiotiki zinaweza kumwagwa kwa kipimo ambacho mtu mzima angeharibika figo au ini, kwa sababu hapa hakuna figo wala ini la kuharibu. Dawa za kuyeyusha mabonge ya damu vilevile, bila hofu ya kuvuja kwenye ubongo.

Nilihangaika sana na neno la kuita kitu hiki. Madaktari hutumia neno ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "kukarabati", na mara ya kwanza nililitumia hivyohivyo. Kijana akacheka mpaka akakohoa: "Kama barabara?" Nikajaribu "kufufua", nikaona uso wa mama ukibadilika, maana kufufua si kazi ya daktari. Mwishowe nilisema "yanauguzwa". Mama akaitikia kwa kichwa. Kuuguza alikujua. Alikuwa amemuuguza mtoto miaka minne. Unakaa pembeni, unageuza mto, unatazama pumzi, unasubiri kuona kama leo ni afadhali ya jana.

Toronto walipochapisha majaribio yao mwaka 2011, mapafu 23 yenye mashaka yaliwekwa mashineni, na 20 yakapandikizwa. Siku tatu baadaye, hitilafu kubwa ya pafu jipya ilionekana kwa asilimia 15 ya wapokeaji hao, ikilinganishwa na asilimia 30 ya waliopata mapafu ya kawaida. Tofauti hiyo kwa hesabu za takwimu haikutosha kusema ya mashine ni bora. Ilitosha kusema kwamba mapafu ambayo jana yangetupwa hayakuwa mabaya kuliko yale ambayo kila mtu aliyaamini. Nilipofika hapo nilikumbuka gunia tupu.

Kwa maoni yangu, na mimi si daktari, mashine hii imesifiwa kwa kitu kisicho kikubwa chake. Watu wanapenda hadithi ya pafu bovu lililoponywa. Yapo, lakini mengi ya yale 20 pengine hayakuwa mabovu kiasi hicho tangu mwanzo. Yalikuwa yameshukiwa. Ukubwa wa mashine ni kwamba inampa mwenye mashaka saa nne za kuyafanyia kazi mashaka yake badala ya kuyatupa pamoja na mapafu.

Tangu hapo mengi yameongezeka. Kuna mashine za kubebeka ambazo mapafu husafiri nazo yakipumua njia nzima. Timu ya Toronto ilitumia vimeng'enya vilivyopatikana kwa bakteria wa utumbo kufuta alama za kundi A la damu kwenye mapafu yaliyokuwa mashineni, yakaelekea kuwa kama ya kundi O, ingawa hayo hayakupandikizwa. Huko Marekani watafiti waliunganisha mapafu ya binadamu yaliyokataliwa na mzunguko wa damu wa nguruwe aliye hai kwa saa 24, ili ini na figo za nguruwe zifanye usafi ambao mashine haiwezi. Yalipata nafuu. Hilo sijawahi kulitafsiri kwa mtu na sina haraka.

Turudi usiku ule. Tulikaa kwenye chumba cha kusubiri, mama, kijana na mimi. Kila saa muuguzi alikuja na neno moja. Saa ya kwanza: yanapumua. Saa ya pili: yanapumua, ila shinikizo limepanda. Mama aliniuliza jina la marehemu nikamwambia hairuhusiwi, hata daktari hajui. Basi akawa anamwombea kwa kumwita "mwenye mapafu", na nilijikuta nikijiuliza kimya kimya kama jina hilo litahamia kwa mwanawe asubuhi au litabaki kwa yule mwingine.

Saa ya nne daktari akaja mwenyewe, akavuta kiti akakaa. Alieleza taratibu: upande wa chini umekuwa mgumu, maji yanarudi kila yakiondolewa, oksijeni inashuka. Alituonyesha picha mbili za eksirei, ya mwanzo na ya mwisho, na hata mimi niliona wingu lilivyokua. Yamekataliwa.

Nilijiandaa kwa kilio cha mara ya kwanza. Mama alitazama zile picha kwa muda mrefu.

"Mwambie asante," akasema. "Leo wameyasikiliza."

Mara ya tatu sikuwa zamu. Nilisikia kwa mwenzangu kwamba wameitwa, kwamba ni mapafu mengine, yamewekwa mashineni tangu jioni, na sikuuliza zaidi kwa sababu hairuhusiwi. Wiki tisa zikapita. Kisha siku moja nikapata ujumbe wa sauti kwenye simu, namba nisiyoijua, wa dakika mbili na sekunde kumi na moja. Alikuwa yule kijana, analalamika. Wauguzi wa wodini wamempotezea chaja, mama yake anamlazimisha kutembea ukumbini mara sita kwa siku, mwenzake wa kitanda cha pili anakoroma, na mimi sijaenda kumwona, kwa nini.

Nikaurudia tangu mwanzo, safari hii nikihesabu mahali alipositia kuvuta pumzi.